Kugoma kwa injini yenye joto

Kugoma kwa injini yenye joto ni hali ambapo injini ya petroli yenye kabureta, iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, inakataa kuwaka tena baada ya kuzimwa kwa muda mfupi, kisha inawaka bila shida ikishapoa. Hali hii hujulikana kwa waendeshaji wa pikipiki, jenereta, mashine za boti na ndege ndogo. Kwa kawaida huwa mbaya zaidi katika nusu saa ya kwanza baada ya injini kuzimwa.

Tatizo hili lina vyanzo vinne vikuu: mafuta kuzidi ndani ya silinda, mafuta kukosekana, cheche kuwa dhaifu, na mbano kupungua. Vyanzo viwili vya kwanza ni kinyume kabisa, na dawa ya kimoja huzidisha ubaya wa kingine. Injini ikipoa dalili hutoweka kwa vyote vinne, kwa hiyo kuwaka kwake baada ya kupumzika hakuonyeshi chanzo kilikuwa kipi. Shahidi bora ni plagi, ikikaguliwa wakati injini bado inagoma.

Mazingira ya Ziwa Tanganyika

Mwamgongo ni kijiji na kata ya Wilaya ya Kigoma Vijijini katika Mkoa wa Kigoma, Tanzania. Kiko kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Hapa milima ya ukingo wa Bonde la Ufa inashuka karibu moja kwa moja hadi majini: ndani ya Gombe ardhi inapanda kutoka takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, penye ziwa, hadi zaidi ya mita 1,500. Kwa sababu hiyo watu, dagaa, mawese na bidhaa za dukani husafiri zaidi kwa boti. Boti za abiria huondoka Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, na kufuata ufuko kuelekea kaskazini zikisimama kijiji kwa kijiji.

Boti nyingi za namna hii ni za mbao na huendeshwa na injini ya petroli inayofungwa nyuma ya chombo, ambayo watu huiita mashine. Safari yenye vituo vingi ndiyo inayoleta tatizo. Mashine hufanya kazi kwa nguvu kutoka kituo hadi kituo, kisha huzimwa ufukweni wakati abiria wanashuka na magunia yanapakiwa. Mapumziko ya dakika 10 au 20 yanatosha joto kufika kwenye kabureta, lakini hayatoshi injini kupoa.

Umbo la ziwa huongeza uzito wa jambo hili. Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, na sehemu nyingi kina huongezeka haraka mara tu baada ya ufuko. Boti iliyozimikiwa mashine ikiwa mbali kidogo na nchi kavu mara nyingi haiwezi kutia nanga, kwa sababu kamba haifiki chini. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka milimani kuelekea ziwani na kuisukuma mbali na ufuko. Kati ya Mei na Septemba pepo za kusini-mashariki huleta mawimbi makubwa, na boti isiyo na nguvu ya kusonga mbele hugeuka ubavu na kupigwa na mawimbi upande wake dhaifu.

Kinachotokea injini inapozimwa

Injini inapofanya kazi, joto lake huondolewa bila kukoma. Katika mashine ya boti, pampu ndogo iliyo chini, karibu na panga, huvuta maji ya ziwa na kuyapitisha kuzunguka silinda. Petroli inayopita ndani ya kabureta nayo huipoza, kwa kuwa kioevu kinapogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwenye vitu vilivyo karibu.

Injini ikizimwa, pampu ya maji husimama, petroli husimama, na hewa iliyo chini ya kifuniko husimama. Chuma cha silinda bado kina joto kali, na joto hilo huhamia kwenye sehemu zilizo baridi zaidi, yaani kabureta, pampu ya mafuta, mipira ya mafuta na koili. Ndiyo maana kabureta huweza kuwa na joto zaidi dakika chache baada ya injini kuzimwa kuliko ilipokuwa ikifanya kazi.

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzijoto kati ya 35 na 40 hivi za Selsiasi, na zile nzito hazimaliziki mpaka karibu nyuzi 200. Penye Ziwa Tanganyika shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 9 kuliko usawa wa bahari, hivyo petroli huchemka mapema kidogo. Mchana wa jua, tangi lililoachwa wazi ndani ya boti linaweza kufikia joto hilo hata kabla ya joto la injini kuongezwa.

Vyanzo

Mafuta kuzidi. Petroli iliyo kwenye bakuli la kabureta ikichemka, hufurika kupitia tundu la kunyunyizia na kuingia kwenye njia ya hewa. Mtu anapovuta kamba, injini hupokea petroli nyingi na hewa kidogo. Injini huhitaji takriban kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, na mchanganyiko ukizidi sana upande wa petroli hauwaki hata cheche ikiwa nzuri. Hali huwa mbaya zaidi dereva akifunga choki, kilango kinachobana hewa ili petroli iongezeke. Choki ni kwa ajili ya injini baridi. Vali ya sindano ya kabureta iliyochakaa huleta tatizo hilohilo, kwa kuwa hairudi kufunga njia ya mafuta sawasawa.

Mafuta kukosekana. Petroli inaweza pia kuchemka ndani ya mpira au pampu, kabla haijafika kwenye kabureta. Pampu imeundwa kusukuma kioevu. Ikikuta mvuke, huubana na kuuachia bila kuusogeza mbele. Bakuli la kabureta hukauka. Injini huenda ikawaka kwa sekunde chache kwa mafuta yaliyobaki, kisha ikazimika.

Cheche dhaifu. Upinzani wa waya wa shaba dhidi ya umeme huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Koili nzima huvumilia ongezeko hilo, lakini iliyochakaa, ambayo kinga ya waya wake imepasuka, huvujisha umeme inapopata joto. Cheche hupungua au hukata kabisa, kisha hurudi koili ikipoa. Plagi yenye masizi au yenye pengo lililopanuka huhitaji umeme mwingi zaidi, hivyo hufichua udhaifu wa koili mapema.

Mbano kupungua. Injini iliyozidi joto hupoteza utando wa oili kati ya pistoni na silinda, na hewa huvuja inapobanwa. Mara nyingi chanzo chake ni pampu ya maji. Impela yake ni ya mpira, na mchanga unaotibuliwa boti zinapoingia na kutoka ufukweni huisaga taratibu. Mfuko wa plastiki au majani yakiziba tundu la kuingizia maji, matokeo ni yaleyale. Kati ya vyanzo vinne hiki ndicho kinachoweza kuharibu injini moja kwa moja, na kulazimisha kuiwasha huongeza uharibifu.

Kutambua chanzo

Kabla ya kufungua chochote, kuna mambo madogo ya kuangaliwa kwanza, kwa kuwa yanaiga tatizo la joto. Kamba ya usalama inayokata moto wa injini iwe mahali pake, gea iwe huru, tangi liwe na mafuta, na mpira wa mafuta usiwe umekunjwa au kukaliwa na mzigo. Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi iwe wazi. Ikifungwa, petroli inapotoka hakuna hewa inayoingia kuchukua nafasi yake, na baada ya muda mafuta hukataa kutoka. Injini huzimika na kugoma, na lawama huangukia joto.

Baada ya hapo dalili hutenganisha vyanzo:

– Plagi imelowa na harufu ya petroli ni kali: mafuta yamezidi.
– Plagi ni kavu, na pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta haiwi ngumu hata ikibonyezwa mara nyingi: mafuta hayafiki.
– Plagi si kavu sana wala haikulowa, pampu ya mkono ni ngumu, lakini injini haitoi hata mlio mmoja wa kutaka kuwaka: inashukiwa cheche.
– Kamba inavutika kwa wepesi kuliko kawaida, au kabla ya kuzimwa mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine ulikuwa umepungua: mbano umeshuka kwa sababu ya joto kupita kiasi.

Katika injini ya mipigo miwili, ambayo petroli na oili hupita chini ya pistoni kabla ya kufika juu, mafuta yaliyozidi huweza kujikusanya chini huku plagi ikionekana imelowa kidogo tu. Kwa hiyo plagi ikishatolewa, kamba huvutwa mara chache. Ukungu wa petroli ukitoka kwenye tundu la plagi, injini imefurika.

Hatua za kuchukua ziwani

Kabla ya kugusa mashine, wahudumu hushughulikia boti yenyewe. Makafi hutolewa, chombo huelekezwa kwenye mawimbi kwa kichwa, na abiria huvaa majaketi ya kuokolea na kukaa chini. Sigara na taa za moto huzimwa. Kisha hufuata mpangilio huu:

1. Kifuniko cha injini hufunguliwa ili hewa ya joto itoke.
2. Injini hujaribiwa bila choki, mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa kwa robo hivi. Kamba huvutwa mara tatu au nne, si zaidi.
3. Ikikataa, plagi hutolewa kwa spana na kitambaa, kwa kuwa huwa na joto la kuunguza, kisha hukaguliwa.
4. Plagi ikiwa imelowa, mafuta hayaongezwi. Plagi hukaushwa au kubadilishwa. Kamba ya usalama huondolewa ili kusiwe na cheche, na kamba ya kuwashia huvutwa mara kama kumi kutoa petroli iliyozidi. Mvuke ukishapeperuka, plagi hurudishwa, mkono wa mafuta hufunguliwa wote, choki huachwa wazi, na injini huwashwa. Ikishika, mkono wa mafuta hurudishwa haraka.
5. Plagi ikiwa kavu, pampu ya mafuta na mipira yake hupozwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya ziwa. Pampu ya mkono hubonyezwa mpaka iwe ngumu. Hapa, na hapa tu, choki inaweza kutumika kwa mvuto mmoja au miwili.
6. Cheche ikishukiwa, plagi mpya hujaribiwa kwanza. Ikishindikana, kinachobaki ni kusubiri koili ipoe na kwenda moja kwa moja hadi ufukweni bila kuzima tena.
7. Dalili zikionyesha joto kupita kiasi, injini huachwa ipoe kabisa na tundu la maji husafishwa. Ikiwaka na mchirizi wa maji usionekane, huzimwa mara moja.

Maji hayamwagwi juu ya silinda yenye joto kali, kwa kuwa chuma kinaweza kupasuka, wala juu ya koili na waya za plagi.

Kosa la kawaida ni kuvuta kamba mara ishirini au thelathini mfululizo huku choki ikiwa imefungwa. Injini iliyokuwa imefurika kidogo hufurika kabisa, na mtu mwenye nguvu kuliko wote kwenye boti huwa amechoka wakati makafi yanapohitajika.

Hatari ya moto

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kujikusanya chini ya boti, kati ya mbao na mizigo. Huweza kushika moto ukiwa asilimia 1.4 hadi 7.6 tu ya hewa. Kupima cheche kwa kugusisha plagi kwenye chuma, jambo la kawaida gereji, ni hatari kubwa ndani ya boti ambayo imetoka kumwagikiwa petroli.

Wavuvi wa dagaa wana hatari ya ziada. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga, na kwa miaka mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai. Karabai inayowaka karibu na mashine iliyofunguliwa inatosha kulipua mvuke. Taa za betri na za umeme wa jua zimepunguza hatari hiyo, ingawa cheche kutoka kwenye waya uliolegea wa betri nayo huweza kuwasha moto.

Katika ndege ndogo

Ndege zenye injini za kabureta zilifika Ziwa Tanganyika mapema. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wabelgiji walitumia ndege za majini aina ya Short 827 kutoka upande wa Kongo kushambulia Kigoma, ambako kulikuwa na meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba.

Injini nyingi za ndege ndogo bado ni za kabureta, kama vile Lycoming O-320 iliyofungwa kwenye baadhi ya ndege za Cessna 172. Hupozwa kwa hewa, hivyo ndege ikishatua na kuzimwa, injini hubaki ndani ya boksi la bati lisilo na upepo. Kanuni ni zilezile za boti, lakini rubani hawezi kutoa plagi kila anapotua. Hutegemea namna injini inavyoitikia starta na kitabu cha mtengenezaji wa ndege.

Katika Lycoming kabureta iko chini ya injini, na katika Cessna 172 mafuta hushuka kutoka kwenye mabawa kwa uzito wake. Mpangilio huo hupunguza tatizo la mvuke, na mara nyingi chanzo huwa ni mafuta yaliyoongezwa na rubani mwenyewe kwa kusukuma mkono wa mafuta mara kwa mara kabla ya kuwasha. Injini ikifurika, utaratibu wa kawaida ni kufunga kabisa mkono wa mchanganyiko, kufungua mkono wa nguvu, na kuzungusha starta. Injini ikishika, mkono wa mchanganyiko husukumwa mbele na wa nguvu hurudishwa nyuma. Petroli iliyosukumwa kwa wingi hudondoka kwenye njia ya hewa iliyo chini ya kabureta na inaweza kushika moto injini ikipiga nyuma. Hapo marubani hufundishwa kuendelea kuzungusha starta ili moto uvutwe ndani ya injini.

Rotax 912, inayotumika katika ndege nyepesi, ina kabureta zake juu ya injini, mahali joto linapopanda. Kwa hiyo mara nyingi hufungwa bomba linalorudisha sehemu ya mafuta tangini, ili mafuta yasisimame na mvuke upate pa kutokea.

Cheche katika ndege hutoka kwenye magneto, ambayo huwa na chemchemi ya kuisaidia kutoa cheche kali wakati wa kuwasha. Chemchemi hiyo ikichakaa, injini huwa ngumu kuwaka. Panga la injini yenye joto haliguswi kwa mkono ovyo: waya wa kuzima magneto ukiwa umekatika, injini inaweza kuwaka hata swichi ikiwa imezimwa.

Tofauti kubwa kati ya vyombo hivi ni mahali tatizo linapotokea. Ndege hugoma ikiwa imetulia ardhini. Boti inaweza kugoma ikiwa tayari imesukumwa majini na abiria wake.

Kinga

Kinga ya kwanza ni kuiacha injini iungurume polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili maji yaendelee kuondoa joto. Katika vituo vifupi mashine huwashwa tena boti ikiwa bado inagusa ufuko au imeshikwa kwa kamba, na mchirizi wa maji hutazamwa kabla ya kuondoka. Tangi hufunikwa kwa gunia bichi ili jua lisilipige, bila kuziba skrubu ya hewa.

Petroli inayosafirishwa kwa madumu hupitishwa kwenye kichujio, kwa kuwa maji na uchafu huzuia vali ya sindano kufunga. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha masizi kwenye plagi na kuchosha koili. Kiasi cha oili katika injini ya mipigo miwili hufuata kitabu cha mtengenezaji. Katika nyingi ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Impela hubadilishwa kwa ratiba bila kusubiri maji yakatike.

Kwa upande wa sheria, usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanza kazi mwaka 2018. Vifaa vinavyosaidia zaidi injini ikigoma ni vya bei nafuu ukilinganisha na mashine yenyewe: plagi mbili za akiba, spana yake, kitambaa kikavu, makafi ya kutosha, na jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo.